Skrubu ya Njano

Mrisho alimwambia mkewe kwamba kile kisu amekitupa Mto Msimbazi. Alisema huku amemkazia macho, na mwanamume anayemkazia mkewe macho kwa jambo dogo namna hiyo, jua kuna kitu anakificha. Ni kweli alikwenda hadi darajani. Ni kweli alikitoa mfukoni na kukinyoosha juu ya maji yale meusi. Mabasi ya mwendokasi yakapita nyuma ya mgongo wake, naye akasimama pale mpaka muuza karanga akamuuliza, "Mzee, uko sawa?" Hakuwa sawa. Akakirudisha mfukoni, akaenda nacho kwenye kibanda chake cha ufundi, mtaa wa Gerezani, akakiviringisha tambara na kukisukuma chini kabisa ya sanduku la vifaa.

Kisu chenyewe hakikuwa cha ajabu. Kisu cha kukunja, cha mfukoni, mpini mweusi, aina ile ambayo ukizunguka Kariakoo unaikuta imemwagwa kwenye meza kama dagaa. Kilikuwa cha Twaha, mwanawe, kitindamimba, aliyekuwa akifanya kazi ya mizigo bandarini na kukitumia kukatia kamba za marobota. Kilichokitofautisha na wenzake ni skrubu zake nne, moja kubwa pale kinapokunjia na tatu ndogo za mpini. Twaha alikuwa Yanga wa kufa na kuzikana, akamganda baba yake mpaka akamchomea skrubu, pamoja na kibanio cha kukishikiza mfukoni, vikawa njano.

Kuchoma rangi ndiyo kazi iliyompa Mrisho jina. Kufuli na mikasi kila fundi anatengeneza, lakini rangi ya moto inataka jicho. Unatandaza mchanga kwenye sahani ya shaba, unazipanga skrubu, unawasha jiko la gesi chini yake, halafu unatulia. Chuma kikipata joto polepole hupita rangi kwa zamu: kwanza njano ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha bluu, na ukizubaa kinageuka kijivu, kazi imeharibika. Unakidaka kwa koleo kwenye rangi unayoitaka na kukizamisha kwenye mafuta. Tena hakuna kurudi nyuma. Skrubu iliyokwisha kufika bluu hairudi njano abadani, labda uisugue kwa msasa mpaka ibaki nyeupe, uanze upya.

Twaha akakipenda kisu chake kuliko hata simu. Jioni alikaa barazani, fungua, funga, tak, tak, tak, mpaka Chiku, mama yake, apige kelele kutoka uwani: "Twaha! Acha hicho kisu, utajikata!" Naye huacha papo hapo. Pamoja na ndevu zake zote, yule kijana alikuwa anamwogopa mama yake.

Kisha akarudi kutoka bandarini ana homa. Homa ikampanda kichwani, hospitali wakahangaika naye, na siku ya pili jioni akarudishwa nyumbani maiti. Kuzika kukawa ni kesho yake. Alilazwa chumba cha mbele, akafunikwa shuka nyeupe. Kwa desturi yao, maiti anayesubiri kuzikwa huwekewa kitu cha chuma tumboni, tumbo lisije likavimba. Wengine huweka mkasi, wengine pasi. Katika hekaheka ile, chuma kilichopatikana haraka kilikuwa kisu cha marehemu mwenyewe, kilichotoka mfukoni mwa suruali yake. Aliyekiweka ni Mrisho.

Chiku alipoingia, feni ya dari ilikuwa inazunguka. Shuka ikapandapanda na kushuka kwa upepo, na kisu kikapanda na kushuka nayo, zile skrubu za njano zikimetameta.

"Anapumua!" Chiku akapiga ukelele. "Jamani, mwanangu anapumua!"

Wanawake wakamshika. Akawavuta wote kuelekea kitandani, akisema waangalie, si wanaona wenyewe, anapumua. Ikabidi Mrisho aende ukutani akazime feni, shuka itulie na kisu kitulie mbele ya macho ya mama mtu. Mengi ya siku ile aliyasahau. Hilo la kuzima feni hakulisahau.

"Kisu kile sitaki kukiona tena," Chiku alisema matanga yalipoondolewa. "Kilinidanganya."

Ndiyo maana ya ule uongo wa mtoni.

*

Mwaka ukageuka. Dada yake Twaha, Mgeni, akajifungua mtoto wa kike, Shamsa, na kama kawaida akaja kukaa arobaini yake kwa mama yake, katika ile nyumba ya zamani nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, iliyobanwa na maghorofa mpaka uwani jua linaingia kwa kuiba. Chiku alianza kuchemsha maji ya uzazi tangu alfajiri. Nyumba ikanukia uvumba na uji wa pilipili manga, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu Mrisho akamsikia mkewe akiimba peke yake.

"Baba Mgeni," Chiku akamwambia asubuhi moja, "tutafutie kisu cha kuweka chini ya mto wa mtoto."

Nalo hilo ni desturi. Mtoto mchanga halali bila chuma karibu na kichwa chake, ili vitu vibaya vikija vione pana mwenyewe.

Mtu mwenye akili timamu angepita dukani akanunua kisu, mambo yakaisha. Mrisho akaenda kibandani akafunua tambara. Tusifichane, wazo lililomjia lilikuwa la kijinga, lakini lilitoka mahali pazuri. Twaha alikuwa ameshajipa cheo cha ujomba hata dada yake hajaolewa. "Mtoto wa Mgeni," alikuwa akisema, "atakayemgusa tutajuana mimi na yeye." Mrisho alitaka mjomba mtu ashike zamu yake. Basi. Hakufikiria kwamba chuma kile kilikuwa kimelala juu ya maiti, na kwamba hapa duniani hakuna mtu wa kwao ambaye angekubali kiende chini ya mto wa mtoto. Au alifikiria, akapitiliza.

Tatizo lilikuwa macho ya Chiku. Akazifungua zile skrubu nne na kibanio cha mfukoni, akavipanga mchangani, akawasha moto. Njano ikaanza kuiva ikawa kahawia. Mkono wake ulitaka kuzidaka pale pale, akauzuia. Zambarau ikapita. Bluu ilipofika, bluu ya shingo ya njiwa, akazizamisha kwenye mafuta na kupangusa macho kwa mkono wa shati, akijiambia ni moshi.

Nyumbani Chiku alikipokea kisu, akakigeuzageuza. Akakifungua, akakifunga. Tak. Akasimama hivyo hivyo, kama mtu aliyesahau alichokifuata chumbani.

"Umekipata wapi?"

"Dukani kwa akina Jaimin."

"Rangi yake nzuri," Chiku akasema, akaenda kukiweka chini ya mto.

Mrisho akashusha pumzi. Mwanamume akidhani ameponyoka, hana habari tena na dunia.

*

Aliyeliona kwanza ni Mgeni.

"Baba," akamwambia, ananyonyesha, "mbona kile kisu kina skrubu moja ya njano?"

Mrisho alikuwa anakunywa chai. Akaiweka chini.

"Ipi?"

"Hiyo kubwa. Jana nilidhani zote ni bluu. Halafu mtoto naye, alasiri akilia, analia kweli, mara kimya. Namwangalia, nakuta anatazama pale ukutani, anacheka. Hivi vitoto vinaona nini?"

"Vinaona malaika," Mrisho akajibu haraka, na sauti haikumkaa vizuri.

Akaingia, akafunua mto. Skrubu tatu ndogo zilikuwa bluu, kama alivyoziacha, na kibanio vilevile. Ile kubwa, ambayo Twaha alikuwa na tabia ya kuisugua kwa dole gumba la kushoto akiwaza jambo, ilikuwa njano. Si nyeupe kama iliyochubuka, maana hilo angelielewa. Njano ya majani makavu, ileile, imeenea sawasawa mpaka ukingoni.

"Nakipeleka nikakitie mafuta," akasema kwa sauti kubwa, asijue anamuaga nani.

Kibandani aliichoma tena. Safari hii hakuamini jicho lake pekee. Aliigeuza kila upande mpaka bluu ikakolea. Alipokuwa anaifunga kwa bisibisi, Jaimin akaingia. Huyu alikuwa mtoto wa mzee Ramniklal mwenye duka la visu na mikasi Kariakoo, na ndiye aliyemletea Mrisho kazi za vijana wanaotaka visu vyao viwe na skrubu za rangi waviweke kwenye picha za simu.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, Jaimin. Kazi yako bado kidogo."

"Haina shida, nilikuwa napita tu." Akakiokota kisu kilichokuwa mezani, akakiangalia kwenye mwanga. "Duh, hii kali! Tatu bluu, moja njano. Umefanya makusudi?"

Mrisho akamnyang'anya. Ilikuwa njano. Jicho lake halikuwa limetoka kwenye ile skrubu ila kuitikia salamu.

"Au joto limekosea?" Jaimin akauliza.

"Joto langu halikosei!" Mrisho akafoka, kisha akaona haya. Akakaa kwenye stuli. "Nisamehe, baba. Kisu hiki ni cha marehemu mwanangu."

Jaimin alimjua Twaha. Walikuwa wakitaniana mambo ya mpira kila Jumamosi. Hakuuliza zaidi. Alikitazama kile kisu, akarudi hatua nyuma, akashika moyo wake kwa kiganja, akasema, "Pole sana, mzee," akaondoka bila kuuliza tena habari ya kazi yake.

Mrisho hakukirudisha nyumbani siku hiyo. Aliichoma ile skrubu mara nyingine, akakifungia kisu ndani ya sanduku, akapiga kufuli, akaondoka akiwa ameazimia kutafuta kisu kingine popote.

Lakini alifika nyumbani akamkuta Chiku mlangoni, mtoto begani, kanga imemdondoka kichwani.

"Shamsa anaungua," akasema.

Homa. Walikwenda hospitali wote, Mgeni analia njiani, na muda wote ule wa kusubiri Mrisho alikuwa anajisemea moyoni: ni mimi. Ni mimi niliyekwenda kumleta. Nimemwekea mtoto chini ya kichwa kitu kilichotoka juu ya maiti, na mwenye kitu kafuata kitu chake, na homa yake kaja nayo. Daktari akawapa dawa, akawaambia warudi asubuhi kama haijashuka. Njiani Chiku akauliza swali moja tu.

"Kisu kiko wapi?"

"Kibandani. Nilikuwa nakitia mafuta."

"Asubuhi kirudishe."

Hakuthubutu kukataa, maana kukataa kungetaka maelezo. Asubuhi akakirudisha, skrubu zote bluu, na mchana homa ikashuka. Watu wa nyumbani wakashukuru dawa. Mrisho hakushukuru kitu. Alizunguka uwani akijua kwamba hakuna njia ila moja: kisu kiende mtoni, kweli safari hii. Na kikienda, basi Twaha ndiyo kaondoka kabisa, hakitabaki kitu alichokipenda kwa mkono wake. Amchague mwanawe, au amchague mjukuu. Aliuma meno, akamchagua mjukuu.

*

Akangoja alasiri. Mgeni alikuwa bafuni, Chiku aliaga anakwenda kwa jirani kuazima kinu. Mrisho akavua ndala mlangoni, akanyata. Mtoto alikuwa macho, mtulivu, anatazama ukutani pale pale. Mrisho hakutaka kutazama ukuta. Akapenyeza mkono chini ya mto, akakitoa.

Skrubu kubwa ilikuwa njano. Tena ilikuwa na joto, joto la kitu kilichotoka sasa hivi mkononi mwa mtu.

"Kirudishe."

Chiku alikuwa mlangoni, bila kinu.

"Mama Mgeni, hiki kisu..."

"Nakijua."

"Hukijui. Mimi nilikudanganya. Sikukitupa. Hiki ndicho..."

"Baba Mgeni, nimekwambia nakijua." Akaingia, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamgusa mtoto shavu. "Nilikijua siku ile ile uliponikabidhi. Rangi ulibadilisha. Mlio ulibadilisha? Miaka yote ile nimepigiwa tak, tak masikioni, leo kinipotee kwa sababu ya bluu?"

Mrisho akakifumba kisu kiganjani.

"Mbona ulinyamaza?"

"Ningesema, ungekiondoa." Machozi yakaanza kumtoka, hakuyapangusa. "Ulipokifunga... hapana, nilipokifunga mimi mwenyewe, nikasikia ule mlio, nikasema kumbe mwanangu hakunidanganya siku ile. Alikuwa ananiaga. Nikamweka kwa mtoto wa dada yake, roho yangu ikatua. Sijalala vizuri tangu azikwe. Siku zile nikalala."

"Lakini homa, Chiku! Homa ya mtoto! Huoni tumemletea—"

"Homa ilimshika siku gani?"

Mrisho akakitazama kisu mkononi mwake.

"Siku uliyokiondoa," Chiku akajijibu. "Kimekaa chini ya mto huu, mtoto mzima. Umekichukua, mtoto kaungua. Umekirudisha, homa imeshuka. Wewe fundi wa moto, lakini hesabu hiyo ndogo imekushinda." Akacheka kidogo katikati ya kulia. "Tena nilitaka nikushukuru."

"Unishukuru nini?"

"Hiyo njano. Nilipoiona nikasema, kumbe baba Mgeni naye roho inamuuma. Anamrudishia mwanawe rangi yake, moja moja, anadhani sioni."

Mrisho akahisi sakafu ya saruji imekuwa baridi chini ya nyayo zake.

"Si mimi," akasema.

"Si wewe nini?"

"Mimi nimeichoma bluu mara tatu. Kila nikiichoma, inarudi. Nilidhani... Sijui nilidhani nini. Hapa mwanzo nilidhani hata wewe, ila wewe ungeichomea wapi?"

Wakatazamana. Kule barabarani muuza nyanya alikuwa anatangaza kwa kipaza sauti, mikokoteni inapigiana honi za mdomo, Kariakoo inaendelea na mambo yake, haina hili wala lile. Mle chumbani mtoto akacheka. Kicheko kidogo, cha koo, akiutazama ukuta.

Chiku akainuka. Alichukua kisu kwenye mkono wa mumewe, akazipapasa zile skrubu ndogo tatu za bluu.

"Kesho ukazimalizie hizi," akasema. "Usimwache ahangaike peke yake."

*

Kesho yake Mrisho hakupokea kazi ya mtu. Alizisugua kwa msasa zile skrubu tatu na kibanio mpaka bluu yote ikatoka, vikabaki vyeupe, akavipanga mchangani. Alihofia kupitiliza. Njano ilipoiva, akazidaka zote, moja baada ya nyingine, na hakuna iliyogeuka kahawia. Akazifunga. Hakukificha tena kwenye tambara. Alikiweka mfuko wa shati, akakata mitaa na kurudi nyumbani, na kila aliyemsalimia alimwitikia.

Baada ya alasiri nyumba ilitulia. Mgeni na mtoto walikuwa wamelala chumbani, mlango umerudishiwa, kisu chini ya mto. Chiku alikuwa uwani anachambua mchele kwenye ungo. Mrisho alikaa karibu naye kwenye kigoda, anakula kashata, na hofu bado ilikuwepo, tusiseme haikuwepo, ila ilikuwa imekaa chini kama yeye.

Ndipo waliposikia.

Tak.

Mrisho akaacha kutafuna.

Tak. Tak. Tak. Ilitoka chumbani, taratibu, fungua, funga.

Chiku hakuinua hata uso kutoka kwenye ungo. Mdomo wake ulisema wenyewe, kwa ukali ule ule wa zamani:

"Twaha! Acha hicho kisu, mtoto amelala!"

Mlio ukakatika papo hapo.

Chiku akabaki na punje za mchele vidoleni. Mrisho akamwona anavyofumba macho, na midomo yake inavyotetemeka, kisha inavyotulia. Kutoka ndani ikaja sauti ya Mgeni, nzito ya usingizi.

"Mama, unaongea na nani?"

"Na mdogo wako," Chiku akajibu, akaendelea kuchambua mchele.